Daraja Lililopigiwa Kura

Kijiwe hakikuwa na kibao wala hati, ila kilikuwa na benchi: ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kulia karakana ya baiskeli, kushoto jiko la mkaa la Bi Birika, muuza kahawa. Aliyetaka kukaa katikati alisogezewa nafasi, na akishakaa alilazimika kuchangia hoja, aijue asiijue. Fundi wa baiskeli, ambaye watu walishasahau jina lake na kumwita Spoku, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa upande wa kulia. Asubuhi hiyo alikuwa ameipindua baiskeli ya mteja magurudumu juu, ananyoosha rimu, lakini akili yake ilikuwa ng'ambo ya korongo, kwa mke wake aliyekuwa ameingia mwezi wa kujifungua. Zahanati ilikuwa upande huu, nyumba yake upande ule. Na mchana wa siku hiyo hiyo halmashauri ilikuwa ikae iamue gari jipya la wagonjwa, moja tu, liegeshwe wapi: hapa sokoni, au kule ng'ambo kwenye uwanja wa ghala la zamani. Nesi wa zahanati ndiye aliyeambiwa apeleke ramani ya kuwasaidia kuamua. Na huyo Nesi, badala ya kuwa ofisini, alikuwa amekaa katikati ya benchi na kompyuta mapajani, maana zahanati umeme ulikatika na karakanani kwa Spoku ulikuwepo.

— Shemeji, hebu gandamiza hiyo plagi, alisema. Hii betri ilishakata tamaa ya maisha.

Spoku aligandamiza. Nesi alimwita shemeji kwa kuwa yeye na mkewe walikuwa wakiitana dada tangu kliniki ya kwanza.

— Ndiyo mambo ya bure hayo, mwanangu, alisema mzee wa kona ya kushoto. Huyu alikuwa karani mstaafu, jina la kijiweni Methali, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyobeba methali, wala methali iliyofika ilikotumwa. Ofisini kuna programu ya ramani ya kulipia, imekaa kwenye mashine ya mkubwa wako, ina heshima zake. Wewe umeng'ang'ania hii ya kuokota. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Babu, hiyo ya ofisini imeshafungwa. Leseni imekwisha, ukibonyeza inakuambia kwa adabu urudi na hela. Halafu ufunguo wa chumba yuko nao mkubwa, na mkubwa yuko safari.

— Basi umngoje. Subira huvuta heri.

— Kikao ni saa nane mchana, babu.

— Subira haina saa.

Setilaiti alicheka mpaka kahawa ikampalia. Setilaiti alikuwa fundi wa madishi ya televisheni, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuelekeza madishi angani, aliamini kwamba lolote linalotoka juu lazima lipitie kwake kwanza.

— Mimi siogopi kufungwa kwake, alisema akijifuta kidevu. Naogopa kufunguka kwake. Hebu jiulizeni: mtu anatengeneza programu kubwa hivi, inachora ramani, inapima umbali, inahesabu nyumba, halafu anakupa bure. Bure! Anataka nini? Anataka kujua unakaa wapi.

— Wewe unakaa hapa, alisema Bi Birika akimmiminia nyingine. Dunia nzima inajua.

— Shangazi, usifanye mzaha.

— Kaka, hii jiko lake liko wazi, Nesi alimwambia. Inaitwa QGIS. Maandishi yote yaliyoitengeneza yamewekwa hadharani. Anayejua kuyasoma anaruhusiwa kuingia, kufunua sufuria, kuangalia kinachopikwa. Akiona chumvi imepungua, anaongeza, wenzake wanaonja, wakikubali inabaki. Ile ya kulipia ndiyo inayokuletea sahani kupitia kidirisha.

Spoku alisimamisha rimu. Alimpenda Nesi akisema hivyo. Mwaka mzima alikuwa akimwona anakuja benchini saa ya chakula, anafungua video za kujifunza, anasimamisha, anarudisha nyuma, anaguna. Zamani hakujua hata kupanga picha kwenye simu. Sasa alikuwa anazungumza na mashine kama mama anavyozungumza na mtoto mtundu, na mashine inasikia.

— Na kwa nini hiyo hiyo? aliuliza. Maana nilikuona na nyingine, yenye dirisha jeusi.

— Ah, GRASS. Jina lake lina maana ya nyasi.

— Wagombanapo tembo, ziumiazo nyasi, alisema Methali haraka, akaridhika.

— Hakuna aliyeumia, babu, ila mimi. Ile ni bibi kizee mwenye akili nyingi. Mvua ikinyesha mlimani, anakuambia maji yatapita bonde gani. Lakini humkuti mlangoni. Kabla hujamwamkia anataka umwambie dunia yako imelalaje, kipimo gani, mpaka wapi. Nilikaa naye wiki nzima tunabishana. Halafu nikagundua hii QGIS inaye humo ndani. Unafungua kisanduku cha zana, unamkuta bibi amekaa, unamtuma kazi moja tu, anaileta. Nikasema basi, nahamia hapa. Na ile ya ofisini, nikihamishwa zahanati, inabaki na mkubwa. Hii naondoka nayo. Nikimtumia mkunga mwenzangu ramani, anaifungua kwake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

— Bado hujajibu, alisema Setilaiti. Ni nani hao? Mimi nimefikiria. Siyo watu. Programu kama hiyo inajiandika yenyewe. Iliachwa mahali ikaanza kuota, sasa imekuwa pori.

— Ni watu, alisema Methali. Ni wastaafu wa nchi za baridi. Theluji imewafungia ndani, wake zao wamewachoka, wanaambiwa nenda kule ukafanye kitu. Ndipo wanapofanya. Mimi nawaelewa.

— Wewe mbona wako alikuchoka ukaja hapa na hujafanya kitu? aliuliza Bi Birika.

— Natoa busara.

— Nyote mmekosea, Bi Birika alisema, akaliweka birika chini, na birika lake likiwekwa chini ujue nadharia inakuja. Ile ni toba. Kila mmoja wa wale zamani aliulizwa njia na mgeni, akamwelekeza vibaya makusudi. Mgeni akapotea. Sasa wamekuwa watu wazima, usingizi hauji, wanatengeneza ramani za bure ili wasamehewe.

Kila mmoja alikuwa na mgeni wake wa kukumbuka.

— Mimi sijui kama ni toba, Nesi alisema. Ninachojua ni hiki. Siku ya kwanza nilipoweka zahanati yetu kwenye ramani, ilipotea. Naitafuta mtaani haipo, sokoni haipo. Nikaja kuikuta bara jingine kabisa, katikati ya shamba la mtu. Nikafuta, nikarudia, ikarudi kule kule. Nikaona basi, mambo haya si ya watu kama sisi. Nikaandika swali kwenye ukurasa wao, kwa lugha ya kuungaunga. Kesho yake nakuta mtu nisiyemjua, sijui wa wapi, amenijibu. Hakunicheka. Kasema: dada, umegeuza safu mbili, namba za kaskazini umeziweka mahali pa namba za mashariki, kila mmoja wetu ameshawahi kufanya hivyo, badilisha. Nikabadilisha, zahanati ikarudi nyumbani, imekaa pale pale penye mlango wake. Jamani, machozi yalinitoka. Mtu ana shida zake, ana watoto wake, anakaa chini ananirudishia zahanati.

Spoku alijikuta ameshika spana hewani. Alikuwa na wivu mtamu, ule wa kutamani na wewe ungekuwa mtu wa namna hiyo.

— Sawa, alisema Setilaiti, amelainika kidogo. Basi tuonyeshe hiyo kazi.

Nesi aliigeuza kompyuta. Mtaa wao wote ulikuwa pale: soko, zahanati, korongo limepita katikati, na ng'ambo nyumba zimesongamana.

— Afisa wa halmashauri alichukua bikari, akachora duara kuzunguka soko. Akasema ng'ambo yote imo ndani ya duara, kwa hiyo gari likae sokoni. Sasa hilo duara linapita hewani. Ndege anafika. Mjamzito si ndege. Mimi nimeiambia hii ifuate barabara, moja baada ya nyingine, ihesabu gari litakwenda kwa muda gani. Panapofikika upesi ni kijani, panapochelewa ni nyekundu. Tazameni. Likiwa sokoni.

Alibonyeza. Mashine ikahema, feni ikalia, halafu rangi ikatambaa kutoka sokoni, ikafuata barabara, ikavuka korongo, ikasambaa ng'ambo. Kijani. Spoku aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Paa lake lilikuwa kijani.

— Kwa hiyo hata afisa na bikari yake alipatia, Nesi alisema. Nilidhani atakuwa amekosea, lakini daraja linaokoa. Gari likae sokoni tu.

— Alhamdulillahi, alisema Spoku, na alimaanisha. Usiku huo angelala.

— Daraja lile kwenye ramani ni kazi ya mikono yetu, Setilaiti aliwakumbusha. Nani alilichora?

Ilikuwa kweli, na kijiwe hakikuchoka kuisimulia. Mwaka uliopita Nesi aliwafundisha kuchora mtaa wao kwenye ile ramani ya watu wote, ambayo yeyote duniani anaweza kuongeza njia. Waliichora yote wakiwa wamekaa pale pale benchini, wakitazama picha iliyopigwa kutoka angani. Walipofika kwenye daraja la korongoni waliona mstari tu, na ramani ikataka kujua: hii ni barabara au njia ya miguu? Ukatokea ubishi, kahawa ikaisha mara mbili, mwisho wakapiga kura. Barabara ikashinda kwa kura zote. Ramani ikauliza tena: chanzo cha taarifa hii? Methali, kwa sauti ya mtu anayeweka jiwe la msingi, akaamuru iandikwe: Tunajua.

— Umoja ni nguvu, alisema sasa. Ndiyo maana ng'ambo ni kijani.

Nesi alikuwa anaanza kufunga kompyuta alipofika kijana wa watu, shati limepigwa pasi, funguo mpya kidoleni.

— Shikamooni wazee wangu. Nimeelekezwa kwa Nesi. Mimi ndiye dereva mpya wa gari la wagonjwa.

Alipokelewa kama bwana harusi. Benchi likasogea, kikombe kikaoshwa, akaonyeshwa ramani, akasimuliwa QGIS, bibi kizee aliyemo kisandukuni, wastaafu wa theluji na toba yao. Alisikiliza kwa adabu, akaiona kweli ni kazi kubwa, akamsifu Nesi kwa dhati. Halafu akaweka kidole juu ya korongo.

— Samahani, mimi mgeni. Hili daraja, gari linapita?

— Ala! alisema Setilaiti. Si umeona kijani?

— Nimeona. Nauliza, kuna aliyewahi kuona gari linapita?

— Mimi navuka kila siku, alisema Methali.

— Na gari?

— Na fimbo.

— Mimi nimevuka na dishi kubwa kabisa, alisema Setilaiti. Nililibeba begani. Kwa ubavu, lakini nilivuka.

— Kwa ubavu?

— Lilikuwa dishi kubwa!

— Nakumbuka lori la mchanga, alisema Bi Birika.

— Lile lilizunguka, shangazi. Lilipitia barabara kuu, likafika jioni.

— Basi lilikuwa la mkaa.

— La mkaa lilikuwa mkokoteni.

Dereva alimgeukia Spoku.

— Kaka, wewe je?

Spoku alifungua mdomo. Alivuka daraja lile asubuhi na jioni, na baiskeli yake, na mara nyingine na baiskeli za wateja mbili, moja kila mkono. Kwa fundi baiskeli, panapopita baiskeli ni barabara. Ndivyo alivyopiga kura. Alijaribu kuliona daraja kichwani mwake, upana wake, akashindwa. Aliona mbao, akasikia zinavyolia chini ya tairi, basi. Alimtazama Nesi.

— Usinitazame mimi, shemeji. Mimi sijawahi kuvuka. Wagonjwa ndio wanaonifuata.

Hata Methali alitafuta methali akaikosa.

Spoku aliweka spana chini. Akafunga karakana na rimu ikiwa haijanyooka.

— Haya, alisema. Tunainuka.

Watu wa sokoni waliacha biashara kutazama kijiwe kikitembea. Mbele dereva, nyuma yake Nesi na kompyuta kifuani, Setilaiti, Methali na fimbo yake akilalamika kwamba haraka haraka haina baraka, na Bi Birika aliyeacha birika jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba. Spoku alikuwa na kipimo chake cha utepe mfukoni, lakini hakukitoa. Dereva aliingia darajani, akasimama katikati, akanyoosha mikono yake miwili. Vidole vya kulia vikagusa kamba ya kulia. Vidole vya kushoto vikagusa kamba ya kushoto.

— Tumeidanganya, Setilaiti alisema polepole.

— Na yenyewe ikatuamini, alisema Nesi. Haina kosa. Inafuata tulichoiambia.

Aliifungua kompyuta juu ya jiwe la mwanzo wa daraja. Betri ilikuwa imebaki pumzi ya mwisho. Kwenye nakala yake akautafuta ule mstari, akafuta neno barabara, akaandika njia ya miguu, akabonyeza. Rangi ikatoka sokoni, ikafika korongoni, ikasimama. Ikageuka kwenda kuzunguka kwa barabara kuu, mbali, mbali, na ilipoingia ng'ambo kwa nyuma ilikuwa nyekundu yote. Spoku aliliona paa lake. Akashika kamba.

— Nesi, alisema, hakuita shemeji. Ingekuwa usiku, ningeambiwa gari linakuja, dakika chache tu. Ningekaa nalingojea, mke wangu anangojea.

— Najua.

— Ningelingojea upande ule, na lenyewe limesimama hapa.

— Najua, shemeji yangu. Ngoja.

Akaisogeza alama ya gari kutoka sokoni, akaiweka kwenye uwanja wa ghala la zamani, ng'ambo. Huku sokoni watu walikuwa karibu na zahanati, hata kwa miguu wangefika. Kule, gari lingeanza safari likiwa tayari mlangoni kwa mgonjwa, lizunguke mara moja tu badala ya mara mbili. Akabonyeza. Feni ililia kama inaomba msaada. Ng'ambo ikaanza kubadilika, nyumba kwa nyumba, na kabla kioo hakijazima Spoku aliona kijani kimefika kwake.

— Usione vyaelea, alinong'ona Methali, vimeundwa.

Wakamgeukia wote. Ilikuwa mara ya kwanza methali yake kufika, na yeye mwenyewe alishtuka.

Saa nane Nesi aliingia kikaoni, akiwa amekopeshwa umeme wa nyumba ya tatu kutoka darajani. Alasiri alitoka, akaja moja kwa moja benchini, uso umechoka. Dereva alikuwa bado yupo. Alishakuwa na kona yake.

— Afisa alibisha, Nesi alisema. Alisema programu ya bure haiaminiki. Nikamwambia, mkubwa, usiiamini, twende ukanyooshe mikono. Akatazama mvua inavyotaka kunyesha, akatazama viatu vyake. Gari linakaa ng'ambo. Kuanzia leo.

Spoku alikaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa, akaufunika uso kwa viganja vyenye grisi. Alipoviondoa alikuwa amejipaka grisi hiyo mpaka masikioni, anacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia ajifute.

— Bi Birika, mmiminie huyu, alisema Setilaiti.

— Imekauka. Niliiacha jikoni tulipokwenda kule. Leo hakuna kahawa.

— Basi tumalize kazi moja, Nesi alisema, akachomeka plagi. Nilirekebisha nakala yangu tu. Ile ramani ya watu wote bado inasema gari linapita, na kuna mtu mahali fulani ataiamini.

Wakasongamana. Mstari wa daraja ukabadilishwa: njia ya miguu. Halafu ramani, bila haraka, ikauliza kama ilivyouliza mwaka uliopita: chanzo cha taarifa hii?

Methali alikohoa, akajiweka sawa. Lakini macho ya kijiwe yalikuwa kwa Spoku, na yeye akasema:

— Andika: Tumekwenda.